Mashine Namba Saba

Saa tano kasoro robo asubuhi ya Jumatatu, Shangazi alisimama mbele ya mlango wa chumba cha seva akasoma karatasi iliyobandikwa juu ya kufuli: USHAHIDI. USIFUNGULIWE. Chini yake kulikuwa na sahihi ya Meneja wa mifumo, ndefu na ya madoido, kama ya mtu anayezindua daraja.

"Umefungwa tangu lini?" aliuliza.

"Tangu Jumamosi saa tano," alijibu Meneja. "Hajaingia hata nzi."

Shangazi hakuwa na mpwa yeyote katika hospitali ile. Alikuwa sajini wa dawati la makosa ya mtandao, mwanamke wa miaka hamsini na minne, na jina hilo alipewa na askari wenzake kituoni kwa sababu aliwahoji watuhumiwa kama shangazi anavyomhoji mpwa aliyechelewa kurudi nyumbani: kwa upole, na bila kuchoka. Aliinamisha kichwa kwa muda wa pumzi tatu, akasema "Amina" kwa sauti ndogo, kisha akatoa daftari.

"Haya, nieleze. Jifanye unamweleza mtu asiyejua kitu."

Meneja akarekebisha tai. "Tuna seva kumi na mbili. Zamani kila moja ilikuwa na kazi yake, hii ya maabara, ile ya duka la dawa. Siku hizi programu imeziunganisha zote zikawa kama mwili mmoja. Kumbukumbu za kila mgonjwa zina nakala mbili, na nakala hizo zinakaa kwenye seva mbili tofauti. Moja ikizimwa, nyingine inashika kazi."

"Ndiyo maana mnabadilisha mfumo endeshi, ile programu kuu ya kila seva, mchana, hospitali ikiendelea."

"Ndiyo maana. Tunaipumzisha seva moja, kazi zake zinahamia kwenye nyingine, tunaiwekea mfumo mpya, tunairudisha. Tunangoja nakala zilingane, kisha tunaenda kwenye inayofuata. Moja baada ya nyingine."

"Na zikitoka mbili kwa mpigo?"

Meneja alinyoosha kidole kwenye mlango. "Ndiyo hii."

Akamweleza yaliyobaki kwa haraka. Jumamosi asubuhi, seva ya kwanza hadi ya sita zilibadilishwa bila tatizo. Ya saba ikapumzishwa. Saa nne na dakika arobaini na mbili, seva ya tisa, ambayo zamu yake ilikuwa bado, ikazimika ghafla. Mfumo mzima ukajifunga, kwa kuwa kuna wagonjwa waliokosekana nakala zao zote mbili. Hata skrini ya kuongozea seva iliganda, kwa kuwa nayo iliishi ndani ya seva zilezile. Tangu saa hiyo wauguzi walikuwa wakiandika kwenye karatasi na kukimbizana na mafaili kwenye korido.

"Akaunti iliyokuwa ndani ya mfumo ni moja tu," alisema Meneja. "Ya fundi wetu, Miwani. Na wiki mbili kabla aliponyimwa unaibu alisema mbele ya watu, 'Mtanikumbuka.' Kamati inakaa saa nane leo. Itasaini barua ya kumfukuza, utaondoka naye, na sisi tutafuta seva zote tuanze upya kwa nakala ya akiba ya Jumatano."

"Mtapoteza siku tatu za wagonjwa."

"Afadhali siku tatu kuliko zote."

Shangazi aliangalia saa yake. "Basi nina saa tatu. Niletee huyo Miwani."

*

Walikaa katika stoo ya vifaa vya ofisi, katikati ya viti vilivyovunjika migongo. Miwani alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Lenzi zake zilikuwa nene, na macho yake yalionyesha kwamba hakulala.

"Umeniletea pingu, Shangazi?" Jina lilikuwa limeshamfikia.

"Nimekuletea kiti. Kaa. Ulisema 'mtanikumbuka'?"

"Nilisema. Unaibu walimpa mtu asiyejua kuwasha printa. Nilimaanisha watanikumbuka printa ikikwama." Akavua miwani akaifuta kwa upindo wa blauzi. "Mama yangu mkubwa amelazwa wodi ya tano humu humu. Ndiye aliyenilea. Nizime mfumo unaomhesabia dawa? Nina wazimu?"

"Mimi siulizi wazimu, nauliza saa. Saa nne na dakika arobaini na mbili ulikuwa wapi?"

"Juu, mezani kwangu. Saa nne na nusu nilimaliza kuipumzisha saba. Nikampigia Twiga simu. Yeye ndiye anayeshuka chumbani na kuzishika seva kwa mikono. Nikamwambia, 'Saba iko tayari. Saba.' Naye akarudia, 'Saba.' Ndivyo tunavyofanya siku zote, nasema mara mbili, anarudia mara moja."

"Kwa hiyo hakusikia vibaya."

"Hakusikia vibaya hata kidogo. Nikakaa kungoja. Ghafla skrini ikaandika tisa imepotea, kisha kila kitu kikaganda. Hapo ndipo nilipopiga kelele."

"Ulitoa amri yoyote kwa tisa?"

"Hapana."

"Ukinidanganya, saa nane utamwaga unga na kulala mahabusu."

"Nikikudanganya, Shangazi, nipeleke mwenyewe."

Shangazi aliandika mstari mmoja, akapiga mstari chini yake, akamwita Twiga.

Twiga alilazimika kuinama ili apite mlangoni. Alikuwa ameajiriwa miezi minane iliyopita, na alikaa mguu mmoja ukiwa nje ya kiti, tayari kukimbia.

"Flashi uliyotumia kuweka mfumo mpya iko wapi?"

Akaitoa mfukoni. "Ndiyo hiyohiyo niliyotumia kwa sita za mwanzo. Kama ina ugonjwa, zingekuwa zimekufa zote."

"Nimekuelewa. Chumbani ulifanya nini?"

"Nilikwenda kwenye namba saba. Imeandikwa kwenye kifuniko chake cha mbele, kubwa kama sahani. Nikaizima, nikachomeka flashi, nikaiwasha, nikaweka mfumo mpya. Kamera ya mlangoni imenionyesha, hata Meneja ameitazama. Nimesimama kwenye saba, sikusogea."

"Ulipoikuta, ilionekana imepumzika?"

"Kwa macho huwezi kujua. Ikipumzika, feni zinavuma na taa inawaka kijani kama zile nyingine. Ila ikifanya kazi sana inavuma zaidi." Akakuna kidevu. "Hii ilikuwa inavuma, kusema kweli. Nikasema labda ndiyo kuhema kwa mwisho."

"Uliizima saa ngapi?"

"Toka simu ikatike, nishuke ngazi, nifungue mlango... saa nne na arobaini na kitu. Arobaini na mbili haiko mbali."

Kalamu ya Shangazi ilisimama. "Tisa ilipotea saa nne na arobaini na mbili."

"Ndiyo bahati mbaya yenyewe."

"Mashine mbili zizimike dakika moja," alisema Shangazi taratibu, "na iliyobonyezwa ni moja. Wewe Twiga, unaamini bahati?"

"Mimi naamini nilichokibonyeza. Saba."

Alipobaki peke yake stoo, Shangazi aliyasoma maelezo yote mawili kuanzia juu. Miwani alisema saba. Twiga alisikia saba, akaenda saba, na kamera ilimwona. Alitafuta mahali ambapo wawili wale walipishana, hakupaona. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Basi kulikuwa na kitu cha tatu mle chumbani kilichosema uongo, na kitu hicho hakikuwa na mdomo.

*

"Haufunguliwi," alisema Meneja. "Huo ni ushahidi."

"Na mimi ndiye mwenye ushahidi. Lete funguo."

Karatasi ikabanduliwa saa sita na dakika kumi. Ndani kulikuwa na baridi ya kukausha midomo, na mvumo wa feni ulimlazimisha mtu kupaza sauti. Kabati la chuma lilisimama katikati, refu kuliko Twiga, na ndani yake seva kumi na mbili zilipangwa kama droo. Kila moja ilikuwa na kifuniko cheusi cha plastiki mbele, na kila kifuniko kilikuwa na namba nyeupe. Moja ilikuwa juu kabisa, kumi na mbili chini kabisa.

Shangazi hakugusa swichi yoyote. Alitembeza kidole kwenye ubavu wa kabati, kikatoka kijivu. Akatembeza kidole kingine kwenye kifuniko cha nne. Kikatoka safi. Akainama, akanusa.

"Sabuni," alisema.

"Nini?"

"Kabati lina vumbi la miaka. Vifuniko vinanukia sabuni. Nani ameviosha?"

Meneja akapepesa macho. "Wajumbe wa bodi walikuwa waje kutembelea. Niliagiza chumba king'ae. Hilo lina uhusiano gani na mtu aliyezima seva?"

Shangazi alikuwa ameshageuka. Alitoka hadi meza ya mlinzi, akafungua kitabu cha wanaoingia, akarudi nyuma kurasa mbili. Ijumaa, saa kumi alasiri: mfanya usafi, ndoo mbili, beseni moja. Ametoka saa kumi na moja.

"Niitie huyu."

Alikuja hadi chumba cha seva akifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa mwanamke wa karibu miaka sitini ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Usafi. Alimtazama Shangazi, akawatazama Miwani na Twiga, ambao nao walikuwa wameitwa wakasimama ukutani, akamtazama Meneja, akashusha pumzi.

"Kama ni kile kikombe cha ofisi ya juu, dada yangu, nilikikuta kimeshavunjika."

"Si kikombe. Ijumaa ulisafisha humu?"

"Nilisafisha. Vile vifuniko vilikuwa na vumbi la kupandia maharage."

"Ulivivua kimoja kimoja?"

"Kimoja kimoja ningemaliza lini? Nilivivua vyote. Vinabanduka tu, huhitaji spana wala nini. Mashine zenyewe sikuzigusa, naziogopa kama nyuki. Nikavilowesha kwenye beseni, nikavisugua, nikavifuta vikakauka kabisa."

"Na ulivirudishaje?"

Uso wa Mama Usafi ukachangamka. Hapa alikuwa na jambo la kujivunia. "Nilivirudisha vizuri kuliko nilivyovikuta. Maana nilivikuta vimevurugika."

Mvumo wa feni ulionekana kuongezeka.

"Vimevurugika vipi, dada?"

"Moja mpaka sita, sawa. Halafu tisa. Halafu nane. Halafu ndiyo saba. Kisha kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Nikasema moyoni, hawa watu wamesoma mpaka wamesahau kuhesabu! Nikawapangia. Saba, nane, tisa. Tazameni sasa, si vinapendeza?"

Twiga aliteleza ukutani taratibu mpaka akakaa sakafuni.

"Mama," alisema, "umeniua."

"Mimi? Nimekufanya nini, baba?"

"Haiwezekani," Meneja aliingilia. "Nani angeweka tisa juu ya saba?"

"Wewe ndiye wa kutuambia," alisema Shangazi. "Nani alizipanga?"

"Mzee aliyestaafu kabla sijaja."

"Aliacha mchoro?"

Meneja aligeukia vifuniko.

"Mchoro ulikuwa ni hivyo vifuniko," alisema Miwani kutoka ukutani. "Hakuna karatasi nyingine. Mezani kwangu zina majina tu, si mahali zilipo. Huku chini tulikuwa tunasoma vifuniko, na humu mimi huingia mara moja kwa mwaka. Ndiyo maana sita za mwanzo hazikuleta shida! Zilikuwa mahali pake."

"Polepole," alisema Shangazi. "Hayo ni maneno, na maneno siyaweki kwenye jalada mpaka yathibitike. Kuna njia ya kuiita mashine ikajionyesha yenyewe?"

Miwani alizitazama seva juu hadi chini. Kisha akapiga paji la uso kwa kiganja. "Ipo! Kila seva ina kijikompyuta kidogo ubavuni, kina kebo yake, hakitegemei mfumo mkubwa. Hata seva ikilala, hicho kiko macho. Nikikiambia kinawasha taa ya bluu mbele, ili fundi aione."

"Na hukulisema hilo tangu Jumamosi?"

"Ningemwambia nani? Nilinyang'anywa laptopu nikatolewa nje. Na sikuwahi kuwaza kwamba namba zimehama. Nani huwaza namba kuhama?"

Shangazi alimgeukia Meneja. Meneja akaenda kuileta laptopu mwenyewe.

Saa saba kasoro dakika kumi kila mtu alikuwa mahali pake, na Shangazi aliandika alipo kila mmoja: Miwani mlangoni na laptopu, mita tatu kutoka kabati, Meneja nyuma yake akitazama anachoandika, Twiga kulia, Mama Usafi kushoto, mikono kifuani.

"Usiguse kingine chochote. Iite saba."

Vidole vya Miwani vikagonga. Walingoja. Macho yote yalikuwa kwenye kifuniko chenye namba saba, na kifuniko hicho kilibaki cheusi.

"Hapo!" alisema Mama Usafi.

Ngazi mbili chini yake, pembeni mwa kifuniko chenye namba tisa, taa ndogo ya bluu ilikuwa inapepesa.

"Izime. Iite nane."

Taa ikawaka kwenye nane. Ile ya katikati haikuwa imehama.

"Iite tisa."

Ikawaka kwenye kifuniko cha saba, palepale Twiga aliposimama Jumamosi na flashi yake.

Twiga aliinuka, akajifuta suruali, na kwa mara ya kwanza siku ile akasimama urefu wake wote. Shangazi alifunga macho kwa nukta moja, akayafungua, akaandika: saa saba kasoro dakika saba, imethibitika.

"Basi Jumamosi," alisema, "fundi aliipumzisha saba ya kweli, kama ilivyotakiwa. Mwenzake akazima tisa, akidhani ndiyo saba. Mbili zikatoka kwa mpigo. Hakuna aliyekosea kazi yake."

Lakini Miwani hakuwa akimsikiliza. Alikuwa anahesabu kwa vidole, midomo ikicheza.

"Saba haikuguswa," alisema. "Shangazi, saba imepumzika tu! Nakala zake zote zimo ndani. Na tisa, ile flashi inaandika kwenye diski ndogo ya mfumo peke yake. Diski za kumbukumbu za wagonjwa ziko palepale, haijui tu kwamba ni zake. Hakuna kilichopotea. Hakuna hata mgonjwa mmoja!"

"Tungoje kamati," alisema Meneja. "Saa nane wataamua."

"Saa nane wataamua kuzifuta!"

Shangazi aligeuza ukurasa mpya, akaandika jina la cheo cha Meneja juu yake, akaweka kalamu tayari. "Mimi nilikuja kutafuta mhalifu, sijamwona. Nimemwona fundi anayejua dawa ya ugonjwa. Meneja, unamruhusu afanye kazi yake, au niandike kwamba ulimkataza?"

Meneja aliitazama ile kalamu.

"Anza," alisema.

*

Kwanza Mama Usafi alibadilisha vifuniko mwenyewe, alikataa kusaidiwa. Alivibandika bila kukosea: tisa juu, nane katikati, saba chini. Kisha Miwani akavuta kiti.

Aliipa tisa jina lake la zamani na anwani yake ya zamani, akaitambulisha upya kwa wenzake. Mara ya kwanza ikakataa. Mara ya pili ikakataa. Twiga akagundua kebo moja aliichomeka kwenye tundu la jirani, akaihamisha. Mara ya tatu taa za diski za tisa zikaanza kumeta moja baada ya nyingine, na Miwani akasema, "Imezijua. Imezijua diski zake."

Ndipo akaiamsha saba.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi na mbili. Skrini iliandika asilimia nne. Asilimia kumi na moja. Ikakwama kwenye thelathini, na Meneja, aliyekuwa anatembea huku na huku, akasimama kama aliyekanyaga msumari. Mama Usafi alikuwa ameshika mkono wa Shangazi bila kujijua. Shangazi naye midomo ilikuwa inacheza, na kila aliyemwona alijua anaongea na nani.

Thelathini na moja. Hamsini. Themanini na nane.

Skrini ya kuongozea ikafunguka. Seva kumi na mbili, mistari kumi na miwili, yote ya kijani.

Simu ya mezani kwa mlinzi ndiyo iliyolia kwanza. Mlinzi alisikiliza, akashusha chombo, akapaza sauti mpaka ndani: "Wodi ya tano! Wanasema dawa za watu wote zinaonekana!" Kabla hajamaliza ikalia tena, maabara. Kisha duka la dawa. Kisha kutoka juu ukasikika mngurumo wa kelele, ghorofa hadi ghorofa, wa watu waliokuwa wameandika kwa mkono siku tatu na sasa wanatupa kalamu.

"Ahsante, Baba," alisema Shangazi, na wala hakujificha.

*

Kamati ilikuwa imeshakaa. Barua ilikuwa mezani, imebaki sahihi. Mwenyekiti, mzee mwenye suti ya kijivu, alitazama kundi lililoingia: sajini, meneja, fundi mwanamke, jitu refu, na mama mwenye aproni iliyolowa.

Shangazi hakukaa. Alisoma kurasa mbili kwa sauti ileile aliyoulizia maswali, akafika mwisho: "Hakuna jinai. Kosa ni moja, nalo ni la ofisi. Ramani ya mashine zinazobeba hospitali nzima ilikuwa imeandikwa mahali pamoja tu, kwenye vifuniko vinavyovuliwa kwa mkono. Mama huyu aliagizwa ang'arishe, akang'arisha. Mtu yeyote asiadhibiwe kwa kujua kuhesabu."

Mjumbe mmoja alicheka, akajikohoza.

Meneja alisimama bila kuitwa. Tai yake ilikuwa imekwenda kombo na hakuirekebisha. "Mimi nilimhukumu kabla ya kufungua mlango," alisema. "Nilimtoa mbele ya wafanyakazi wote. Kesho asubuhi nitawaita wote nimwombe radhi mbele yao. Leo naanza mbele yenu. Nisamehe, fundi."

Miwani aliinamisha kichwa. Mwenyekiti akaikunja barua mara nne, akaichana.

"Nenda nyumbani ukapumzike, binti yangu. Umefanya kazi ya kutosha."

"Nipumzike, mzee, na seva tano bado zina mfumo wa zamani?"

"Si sita?" aliuliza Meneja.

"Tano. Tisa imeshawekewa. Iliruka foleni."

Safari hii kicheko kilizunguka meza nzima, na Mama Usafi ndiye aliyecheka kwa muda mrefu kuliko wote. Miwani alikuwa ameshachukua laptopu. Alimwambia Twiga atangulie chini, akamwomba Mama Usafi alete kalamu ya wino usiofutika, kwa sababu leo namba zitaandikwa kwenye chuma. Kisha akaelekea mlangoni kwa hatua za mtu mwenye kazi, na wale wajumbe saba waliokuja kumfukuza wakasogeza viti vyao, wakasimama kumpisha.